Daraja la waenda kwa miguu linatikisika watu wakipita: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa kila mara na mafundi, wanafunzi wa uinjinia, na watu wa kawaida tu wanaopita darajani wakaingiwa na hofu. Nimejibu kama ninavyojibu mtu tukiwa tumesimama pale pale juu ya daraja. Kama una haraka soma lile la dampingi na lile la mfano wa mita 40, mengine utayarudia.

Nikipita nasikia sakafu inacheza chini ya miguu. Hilo daraja litaanguka?

Mara nyingi hapana. Mwili wa binadamu unahisi mtikisiko mapema mno, kabla chuma hakijapata shida yoyote, na unachokihisi wala siyo milimita za kupanda na kushuka, ni mchapuko, yaani ile kasi kubadilika ghafla ghafla. Chukua daraja linalotetema mara 2 kwa sekunde kwa mchapuko wa 1 m/s². Hapo watu wameshaanza kulalamika na mwenye mtoto ameshamshika mkono, lakini ukipima kweli sakafu inapanda milimita 6 na kushuka milimita 6 basi. Watu wakijaa wakasimama tu bila kutembea wanalipinda zaidi ya hapo.

Ila mara nyingi siyo mara zote. Kinachonitisha mimi ni daraja ambalo zamani lilikuwa limetulia halafu siku hizi linacheza. Hapo kuna kitu kimebadilika: bolti zimelegea, weldi imepata ufa, kebo imeliwa na kutu ndani kwa ndani, au kikalio chake pale kwenye nguzo kimechoka. Hilo lifungwe kwanza, likaguliwe, mambo ya namba yafuate baadaye.

Mtu wa kilo 70 anatikisaje kitu cha tani 60?

Kwa kurudia rudia. Ukisimama unalikandamiza daraja kwa nyutoni 700 hivi. Ukianza kutembea ile nguvu haitulii, inaongezeka na kupungua kila unapokanyaga, na kwa hesabu za usanifu huwa tunachukua nyutoni 280 juu ya ile 700, inapanda na kushuka kwa mdundo wa hatua zako. Watu wengi wanatembea hatua 1.6 hadi 2.4 kwa sekunde, wengi wao karibu na 2.

Sasa kumbuka umebeba ndoo ya maji mkononi, imejaa karibu ya ukingo. Ukitembea taratibu maji yametulia, ukikimbia kidogo bado yanavumilika, lakini kuna mwendo mmoja katikati hapo ambao kila hatua inayasukuma maji pale pale yanapotaka kwenda yenyewe na hatua ya sita au ya saba umelowa mguu. Hujaongeza nguvu hata kidogo, umepatia mdundo tu. Daraja nalo lina mdundo wake, na mdundo wako ukiangukia hapo kila hatua inaongezea juu ya ile iliyopita. Hiyo ndo rezonansi.

Huo mdundo wa daraja nitaujuaje kabla ya kufungua kompyuta?

Kuna njia ya haraka ambayo naitumia mpaka leo kwa daraja la boriti la spani moja, yaani kipande kimoja kutoka nguzo hadi nguzo. Tafuta limeshuka milimita ngapi katikati kwa uzito wake lenyewe, piga kipeuo cha pili cha hiyo namba, halafu 18 gawanya kwa jibu. Limeshuka milimita 81? Kipeuo ni 9, kwa hiyo 18 kwa 9, una 2 Hz, yaani mitetemo 2 kwa sekunde, hiyo ndo frikwensi yake, na hapo umeingia shimoni kabisa kwa sababu ndo mwendo wa watu. Limeshuka milimita 20? Una 4 Hz na ushee, afadhali sana.

Eurocode, yaani kanuni za usanifu za Ulaya, inasema ukikuta daraja lina frikwensi ya wima chini ya 5 Hz, au ya pembeni na ya kujisokota chini ya 2.5 Hz, lazima ukague mtetemo. Mwongozo wa Sétra wa Ufaransa wa 2006 unagawanya zaidi: 1.7 hadi 2.1 Hz ndo hatari kubwa kwa wima, pembeni yake kidogo hatari ya wastani, na 2.6 mpaka 5 bado huachiwi hivi hivi kwa sababu hatua ya mtu ina mdundo wa pili ndani yake, mdogo lakini upo, unaokwenda mara mbili ya ule wa kwanza. Nimeona watu wanashangilia kufika 3.8 Hz kumbe wamekaa juu ya huo mdundo wa pili.

Kila mtu anataja dampingi. Ni nini hasa?

Ni uwezo wa daraja kumeza mtetemo wake lenyewe. Rudi kwenye ndoo: ukiweka jani pana juu ya maji yanatulia, hujabadilisha uzito wala mwendo wako, umeweka tu kitu cha kula ile nguvu. Kwenye daraja inaliwa kwenye maungio, kwenye lami ya juu, kwenye reli za pembeni, kwenye vikalio, ndani ya zege lenyewe lenye nyufa ndogo ndogo.

Tunaiandika kwa asilimia na ni ndogo mno. Mwongozo ule wa Ufaransa unakupa 0.4% kwa chuma, 0.6% kwa chuma na zege pamoja, 1% kwa zege lililovutwa nyaya na 1.3% kwa zege la nondo la kawaida. Kwenye rezonansi mtikisiko unakuzwa kwa 1 gawanya kwa mara mbili ya hiyo namba, kwa hiyo 1% inakupa mara 50, na 0.5% inakupa mara 100. Umeona hapo? Umekosea nusu asilimia tu na jibu lako limezidi mara mbili.

Na hii ndo namba pekee ambayo huwezi kuikokotoa kwenye mchoro. Ugumu unaukokotoa, uzito unaujumlisha, dampingi unaikisia kutoka jedwali mpaka siku daraja limesimama ukaenda kuipima. Kwa hiyo ripoti yoyote inayosema daraja jipya la chuma litatulia, na ndani ukakuta wametumia dampingi 1.5% bila maelezo, irudishe. Nasema hivi kwa uchungu kabisa kwa sababu niliwahi kupewa ripoti ya namna hiyo, namba zote safi, grafu za rangi, na siku ya kufungua daraja akina mama wakawa wanageuzia katikati.

Nipe mfano wenye namba basi.

Haya, daraja la chuma, urefu mita 40, upana mita 3, uzito kilo 1500 kwa kila mita, kwa hiyo tani 60. Frikwensi ya wima 2.0 Hz, dampingi 0.4%. Kwenye boriti la kawaida nusu tu ya uzito ndo inashiriki kwenye mtetemo wa kwanza, kwa hiyo tuna kilo 30,000.

Mtu mmoja angesimama katikati akapiga hatua pale pale bila kuondoka, tungepata 280 gawanya kwa (2 × 0.004 × 30,000), ambayo ni 1.17 m/s². Mtu mmoja huyo! Lakini haendi hivyo, anavuka. Kwa mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde anamaliza ndani ya sekunde 27, na daraja lenye dampingi ndogo linachelewa kupanda kama linavyochelewa kutulia, kwa hiyo linafika kama nusu tu ya kilele, 0.6 hivi. Na kitu ambacho watu hawakitegemei: mtikisiko mkubwa hautokei akiwa katikati, unatokea ameshapita, yuko kama mita 33 au 34, anakaribia kutoka. Ukiwa umesimama katikati na sensa yako utaona jamaa amekupita zamani na grafu bado inapanda.

Na watu wakiwa wengi? Si kila mmoja na hatua zake, wanafutana?

Wanafutana kiasi, hawafutani wote. Watu 60 wanaotembea ovyo hawapigi kama watu 60 wala hawapigi kama mmoja. Sétra kwa watu wasiosongamana sana wanatumia 10.8 mara kipeuo cha (idadi × dampingi). Kwa daraja letu tuweke nusu mtu kwa kila mita ya mraba, ni watu 60, kipeuo cha (60 × 0.004) ni 0.49, mara 10.8 unapata 5.3. Yaani kundi zima ni sawa na watu watano na kitu wanaotembea kwa hatua moja kamili, na hao unawatandaza daraja zima, ukiwaelekeza wote upande unaoumiza.

Usisahau watu nao wana uzito, hao 60 ni kilo 4200, frikwensi inashuka kutoka 2.0 mpaka 1.93 na bado tumo shimoni. Ukimaliza hesabu unapata karibu 3.7 m/s². Hiyo haikubaliki popote. Daraja lile lile ambalo kwa mtu mmoja ungesema linacheza kidogo, kwa watu 60 ambao wala hawajasongamana, limeshakataa. Kwa hiyo usije ukapita peke yako asubuhi ukasema nimepima.

Kuyumba kwa pembeni kuna tofauti gani?

Kubwa sana, na ndo kulikowafundisha mainjinia wa dunia nzima somo. Ukitembea mguu wa kushoto unakusukuma kulia, wa kulia unakusukuma kushoto, kwa hiyo mdundo wa pembeni ni nusu ya ule wa wima, karibu na 1 Hz. Nguvu yenyewe ni ndogo, 35 nyutoni kwa mtu, ndo maana zamani hakuna aliyejali.

Halafu Millennium Bridge ya London ikafunguliwa tarehe 10 Juni 2000. Watu wakamiminika, daraja likaanza kuyumba pembeni mpaka kama sentimita 7, watu wakawa wanatanua miguu na kushika reli, na tarehe 12 likafungwa. Lilikaa limefungwa mpaka Februari 2002. Kidogo kabla ya hapo, Desemba 1999, daraja la Solférino jijini Paris, ambalo leo linaitwa kwa jina la Léopold Sédar Senghor, lilipata shida hiyo hiyo na likafungwa pia. Na Japani walikuwa wameshaiandika mwaka 1993, kuhusu daraja la kebo ambalo watu wengi walikuwa wanapita kwa mkupuo wakitoka uwanjani. Maarifa yalikuwepo ila hayakuwafikia wasanifu.

Tofauti ni hii. Kwa wima mtikisiko unaongezeka polepole na idadi ya watu. Kwa pembeni hakuna kitu, hakuna kitu, unaongeza watu, bado hakuna kitu, halafu wanaongezeka wachache tu na daraja linalipuka. Arup, kampuni iliyosanifu Millennium, walifanya majaribio wakiongeza watu kidogo kidogo na wakaona kwamba kila mtu anasukuma kwa nguvu inayoendana na kasi ya daraja, kama nyutoni 300 kwa kila mita moja kwa sekunde. Maana yake kila mtu anakula dampingi ya daraja. Ikiisha yote, umevuka mpaka.

Mpaka wenyewe unaupata hivi: 8 × π × dampingi × uzito wa modi × frikwensi, gawanya kwa 300. Modi ni namna moja ya daraja kutetema, na uzito wake ni ule unaoshiriki, kwetu zile kilo 30,000. Lile daraja letu la mita 40, kama lingekuwa na modi ya pembeni kwenye 1 Hz na dampingi ile ile ya 0.4%, mpaka wake ni watu 10. Kumi! Ndo maana nasema modi ya pembeni usiijadili, iondoe hapo au weka dampa, yaani kifaa cha kumeza mtetemo.

Ni kweli watu wanaanza kutembea kwa hatua moja bila kujua?

Baadhi, ndiyo, hasa mtikisiko ukishakuwa mkubwa. Miaka mingi tulifundishwa kwamba hicho ndo chanzo, watu wanafungana na daraja halafu linayumba. Utafiti wa karibuni, ukiwemo uliotoka 2021, unaonyesha siyo lazima. Mtu akiwa juu ya sakafu inayoyumba anaweka mguu mahali tofauti kidogo ili asianguke, na huko kujirekebisha tu, hata kila mtu akiwa na mdundo wake, kunarudisha nguvu kwenye daraja. Kufungana kunakuja baadaye, kama matokeo. Kwangu mimi hili lina maana kubwa kikazi: huwezi kujitetea kwa kusema watu wetu hawatatembea pamoja.

Ile habari ya wanajeshi kuambiwa wavunje hatua darajani ni ya kweli?

Ni ya kweli. Mwaka 1831 daraja la kuning'inia la Broughton, Uingereza, lilianguka wanajeshi wakipita kwa mwendo wa gwaride, wengi wakatumbukia mtoni lakini hakuna aliyekufa. Toka hapo ikawa amri. Albert Bridge ya London mpaka leo ina kibao kinachowaambia askari wavunje hatua. Lakini angalia la Angers, Ufaransa, mwaka 1850, walikufa zaidi ya watu 200. Pale askari walikuwa wameambiwa wavunje hatua na waachiane nafasi, ila kulikuwa na dhoruba, daraja lilikuwa linayumba kwa upepo na wao wakawa wanajirekebisha nalo, na kebo zilikuwa zimeliwa na kutu. Mtetemo peke yake na kutu peke yake huenda vyote vingevumilika.

Kiwango cha kukubalika ni kipi?

Eurocode inataja 0.7 m/s² kwa wima, 0.2 kwa pembeni matumizi ya kawaida, na 0.4 pembeni watu wakijaa kupita kiasi. Mwongozo wa HIVOSS wa Ulaya unapanga viwango vya starehe: wima chini ya 0.5 ni raha kabisa, 0.5 hadi 1 ni wastani, 1 hadi 2.5 ni ya chini lakini inavumilika, zaidi ya 2.5 haikubaliki. Kwa pembeni hao hao wanakuonya ukifika 0.1 mpaka 0.15 watu wanaanza kufungana na daraja. Kwa 1 Hz hiyo 0.1 ni milimita 2.5 tu.

Mwenye daraja ndo anachagua, na achague akijua nani anapita. Daraja la kwenda hospitali, wanapita wagonjwa na wazee, siyo sawa na la njia ya kupanda mlima.

Naweza kupima kwa simu?

Kwa kujua frikwensi, ndiyo, na nakushauri ufanye. Ilaze katikati ya spani, usiishike mkononi, ibandike kwa utepe pembeni karibu na reli maana hapo utapata na kujisokota pia, washa programu ya kurekodi mchapuko, dakika 10 watu wakipita kawaida. Kilele kwenye grafu ya frikwensi ndo mdundo wako. Kwa ripoti rasmi tafuta sensa zenyewe, zaidi ya moja, kwa sababu unahitaji kuona modi ina umbo gani.

Dampingi ina kazi zaidi. Sisi huenda usiku daraja likiwa tupu, mtu mmoja anachuchumaa na kuinuka katikati kwa mdundo wa metronomu masikioni, ukiwa umeweka ile frikwensi, mpaka linapanda vizuri, halafu anasimama kimya. Hapo ndo raha ya kazi hii: unasimama gizani hakuna anayepumua kwa nguvu na unalisikia daraja linajizima polepole chini ya soli za viatu. Unahesabu mizunguko mpaka kimo cha wimbi kwenye grafu kipungue nusu. Ikichukua mizunguko 20, basi 0.693 gawanya kwa (2 × π × 20) ni 0.55%. Rudia mara kadhaa kwa nguvu tofauti maana dampingi inabadilika na ukubwa wa mtikisiko. Na yule aliyechuchumaa anahesabika pia, mwili wake unameza kidogo, kwa hiyo jibu lako limependelea upande wa juu.

Wakimbiaji, na vijana wanaoruka makusudi?

Wakimbiaji wanapiga 2 hadi 3.5 Hz na kwa nguvu zaidi, ila wanapita haraka. Vijana wa kuruka kagua kama suala la usalama, hakikisha hakuna kitakachovunjika, usijaribu kuwapa starehe.

Limeshajengwa na linacheza. Tunafanyaje?

Kuongeza ugumu watu wanakukimbilia lakini hesabu yake inauma: frikwensi inapanda kwa kipeuo cha ugumu, kwa hiyo kutoka 2 Hz kwenda 4 unahitaji ugumu mara 4, na vyuma ulivyoongeza navyo vina uzito. Inafaa kama kuna mahali pa kuweka nguzo au kebo ya ziada.

Njia ya kawaida ni dampa. Millennium waliweka dampa 37 za kimiminika na zaidi ya 50 za uzito, gharama ikafika kama pauni milioni 5. Dampa ya uzito ni bonge la chuma juu ya springi pamoja na kitu cha kumeza nguvu, linaning'inizwa chini ya sakafu pale panapocheza zaidi, linatetema badala ya daraja. Uzito wake huwa 1 hadi 5% ya uzito wa modi. Kwa lile letu 2% ni kilo 600. Ikituletea dampingi ya jumla 3%, ile 3.7 inashuka mpaka 1.3 hivi.

Dampa ikishafungwa kazi imeisha?

Hapana, na hapa ndo naona uzembe mwingi. Dampa inafanya kazi kwenye frikwensi moja nyembamba. Wakija kuweka lami mpya au kubadilisha reli, daraja limebadilika uzito na dampa haijui. Kwa hiyo acha nafasi ya kuongeza au kupunguza vibamba vya chuma kwenye lile bonge, acha mlango wa fundi kufika chini, na pima upya baada ya kila ukarabati. Kuna kipimo kimoja rahisi cha macho: springi ya dampa ya 2 Hz inatakiwa iwe imeshuka kwa uzito wa bonge lake kama milimita 62. Piga alama ya rangi siku ya kwanza, na ukirudi mwaka unaofuata ukakuta bonge limekaa juu au chini ya ile alama, au limegusa boksi lake, au lina kutu mpaka halichezi ukilisukuma kwa mkono, basi unachoning'iniza pale ni mzigo tu.